Kubadilisha stadi za gurudumu na kufunga speisa: mwongozo kwa wenye magari Malindi

Stadi ni zile bolti zinazochomoza kwenye habu (kitovu kinachozunguka na gurudumu), ambazo rimu huvishwa juu yake kisha nati zikafungwa. Probox ina nne kila gurudumu, Noah ina tano, Prado ina sita. Kwa gari linalokaa Malindi huchoka mapema kuliko kwa gari la bara, na sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni chumvi: upepo wa kusi huleta unyevu wa bahari mpaka ndani ya madgadi, na anayekwenda Garsen kila wiki hupita Gongoni, penye mashamba ya chumvi yenyewe. Ya pili ni mashine ya upepo ya mtu wa pancha, inayopiga nati mpaka inalia bila mtu kujua imefika nguvu gani. Chumvi inakula nyuzi, mashine inavuta chuma kupita uwezo wake, na siku moja unakaza nati inazunguka tu.

Nimeiweka kazi ya stadi pamoja na ya speisa, yaani sahani ya kusogeza gurudumu nje, kwa sababu speisa nyingi haziwezi kufungwa kwa usalama bila kwanza kugusa stadi, na hatua hiyo ndiyo inayorukwa zaidi.

Kinachoshika gurudumu

Wengi hudhani gari limening'inia juu ya stadi. Sivyo linavyofanya kazi. Nati ikikazwa sawasawa, stadi huvutika kidogo sana, na mvutano huo hubana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito, breki na kona. Kukiwa na kutu, mchanga au rangi katikati, tabaka hilo husagika gari likitembea, mbano unalegea, rimu inaanza kucheza, na stadi inapindwa huku na huku kila gurudumu likizunguka. Chuma kinachopindwa hivyo mara maelfu hukatika hata kama ni kipya.

Stadi iliyokatika usiitupe kabla ya kuiangalia juani. Ikiwa sehemu moja ya mkato ina kutu na mistari myembamba iliyofuatana kama ya gamba la chaza, ujue ufa ulianzia pale na umekuwa ukiingia polepole, pengine kwa wiki nyingi. Sehemu inayong'aa yenye chembechembe ndipo ilipomalizikia kwa mara moja. Mkato wa namna hiyo maana yake gurudumu lilikuwa limelegea, na stadi zilizobaki zimepitia mateso yale yale. Badilisha zote za gurudumu hilo, wala usikubali kuambiwa moja inatosha. Iliyouawa na mashine ya upepo ina sura nyingine: imekonda katikati, na nyuzi zake zimeachana kuliko za mwenzake mzima.

Dalili za mapema zipo pia. Vumbi jekundu linalotoka chini ya nati na kuchora mistari kwenye rimu ni dalili ya rimu inayocheza. Mlio wa tik-tik unaofuata mwendo wa gurudumu, usukani unaotetemeka ghafla baada ya kubadilisha tairi, nati inayoingia kwa kulazimishwa kuanzia mzunguko wa kwanza: zote hizo ni za kusimama na kuangalia papo hapo, hata kama uko katikati ya barabara ya Sala unaelekea Tsavo.

Kununua stadi inayofaa

Toyota nyingi ndogo, pamoja na Prado na Hiace, hutumia stadi za M12 x 1.5, yaani kipenyo cha mm 12 na mm 1.5 kati ya uzi na uzi. Nissan na Subaru nyingi ni M12 x 1.25. Land Cruiser 100 na 200 ni M14 x 1.5. Tatizo ni kwamba nati ya 1.5 huingia kwenye stadi ya 1.25 mizunguko miwili mitatu kabla ya kukwama, na mtu mwenye haraka huona imeshika, akaongeza spana, akala nyuzi zote mbili. Nati sahihi huteremka kwa vidole mpaka chini.

Kipimo kinachosahaulika ni cha shingo. Chini ya kichwa cha stadi kuna meno yanayojikita ndani ya tundu la habu na kuizuia isizunguke. Kipenyo cha meno hayo hutofautiana kati ya stadi na stadi hata zikiwa zote ni M12 x 1.5. Yakiwa membamba stadi itazunguka. Yakiwa manene mno itapasua habu. Chukua stadi ya zamani iliyo nzima uende nayo dukani, pamoja na kalipa ya kupimia. Kama duka halina inayolingana, agiza Mombasa usubiri. Fundi wa kerezo anaweza kukuchongea kitu kinachofanana, lakini stadi za kiwandani hupitishwa kwenye moto ili ziwe na nguvu maalumu, na chuma cha kawaida kilichochongwa hakina nguvu hiyo.

Nunua na nati mpya. Nati iliyofungwa kwenye stadi iliyovutika nayo imeharibika. Angalia pia kalio lake, yaani sehemu inayogusa rimu: rimu za chuma na rimu nyingi za kununua nje hutaka nati yenye kalio la koni, wakati rimu za alumini za Toyota za kiwandani mara nyingi hutaka nati yenye washa bapa na shingo ndefu. Ukichanganya hizo mbili, nati itagusa rimu kwa ukingo mwembamba tu na italegea.

Vifaa

Jeki na stendi imara, mawe au vigingi vya kuzuia magurudumu, spana za soketi, brashi ya waya, msasa, mafuta ya kulegeza kutu, nyundo, washa nene za chuma tatu au nne, nati moja ya zamani ambayo hutaijali, na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Hiyo ya mwisho si kifaa cha anasa. Kama huna, azima, au mlipe fundi mwenye nayo aje kwa dakika kumi za mwisho. Kazi yote inategemea dakika hizo.

Kubadilisha stadi

1. Egesha mahali tambarare na pagumu. Mchanga wa uani kwetu huzamisha jeki, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake. Zuia magurudumu ya upande wa pili. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ndipo uinue, uweke stendi, utoe gurudumu.

2. Kwa gurudumu la mbele, fungua bolti mbili zilizo upande wa nyuma wa kalipa ya breki. Itundike kalipa kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa hozi yake, maana hozi hupasuka ndani na breki ikakutoroka siku nyingine kabisa. Kisha toa diski. Hapa pwani diski hushikana na habu kwa kutu. Toyota nyingi zina matundu mawili madogo yenye nyuzi kwenye diski: ingiza bolti za M8 x 1.25, zikaze kwa zamu, diski itajisukuma yenyewe. Dramu za nyuma hutoka kwa njia hiyo hiyo, ila shusha kwanza breki ya mkono.

3. Zungusha habu ukitafuta mahali ambapo nyuma ya stadi pana nafasi ya kichwa chake kutoka. Magari mengi yana pengo moja tu. Kama halipo, bati la vumbi au habu yenyewe italazimika kutolewa. Nyuma kwenye dramu hili hutokea zaidi kwa sababu ya breki shu. Usikate kichwa cha stadi mpya ili kipite.

4. Itoe ya zamani. Njia ninayoipenda ni pula au klampu nzito inayoisukuma stadi kutoka mbele, kwa kuwa haigusi beringi. Nyundo pia hufanya kazi, na ndiyo inayotumika gereji nyingi, lakini kila pigo linapita kwenye beringi ya gurudumu. Ukilazimika, mwagia mafuta ya kulegeza, usubiri, funga nati ya zamani isawazike na ncha ya stadi, kisha piga mapigo machache yaliyonyooka. Ikikataa baada ya hapo, peleka habu kwenye presi.

5. Safisha tundu kwa brashi. Chungulia ukitumia tochi. Mikato ya meno ya zamani ikiwa bado imesimama, zungusha stadi mpya mpaka meno yake yaingie kwenye mikato hiyo hiyo. Tundu likiwa limelainika na kupanuka, habu hiyo imekwisha kazi.

Hapa nisimame kidogo. Kuna mazoea ya kulehemu kichwa cha stadi kwenye habu ikiwa tundu limepanuka. Moto wa kulehemu hubadilisha chuma cha habu na cha stadi pale pale panapobeba nguvu zote, huunguza grisi na sili za beringi, na unaacha mahali pagumu penye kukatika bila onyo. Habu iliyotumika ya Probox au Noah hupatikana. Hakuna sababu ya kubeba abiria juu ya kichwa kilicholehemewa.

6. Ingiza stadi mpya kutoka nyuma. Vika washa zile nene upande wa mbele, ukipaka grisi kidogo kati ya washa na washa, kisha funga nati ya zamani ukiwa umeigeuza, upande wake bapa uguse washa. Kaza kwa spana ya mkono. Nati itaivuta stadi ndani taratibu, ukisikia ugumu unaolingana mpaka mwisho. Ili habu isizunguke, laza chuma kirefu kati ya stadi nyingine mbili, mwisho wake ukiegemea chini. Mashine ya upepo isikaribie hapa: inavuta kwa mishtuko na unaweza kuichosha stadi kabla haijafanya kazi hata siku moja.

7. Ugumu ukipanda ghafla, simama. Angalia nyuma: kichwa cha stadi kiwe kimekaa bapa kwenye habu pande zote, pasiingie hata ukucha. Toa nati na washa, hakikisha nati mpya inateremka kwa vidole.

8. Sugua uso wa habu, wa diski na wa nyuma ya rimu mpaka uone chuma. Paka grisi ya shaba nyembamba kwenye duara la katikati la habu peke yake, pale tundu la rimu linapokaa, ili alumini isigandane na chuma kwa chumvi. Nyuzi za stadi ziache kavu. Mafuta kwenye nyuzi hufanya toki ile ile ivute stadi zaidi ya ilivyokusudiwa.

9. Rudisha diski, kalipa na gurudumu. Funga nati kwa mkono, kisha kaza kidogo kwa mtindo wa nyota, ukiruka kwenda ng'ambo kila mara. Shusha gari tairi iguse chini, umalizie kwa toki, na ukanyage breki mara kadhaa kabla ya kuondoka.

Toki hupimwa kwa Nm, yaani nyutoni mita. Toyota ndogo kama Probox, Fielder na Noah hutaka Nm 103. Prado ni 112. Nissan nyingi ni kati ya 108 na 113. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kupata picha ya nguvu hiyo: Nm 103 kwenye spana ya sentimita 35 ni sawa na kusukuma kilo 30 mwisho wa mpini. Anayepanda kwa miguu miwili juu ya spana ameshapita mara mbili ya hapo, kabla hajaongeza kipande cha bomba. Na kwa malori ya kizamani ya Japani, jihadhari: mengi yana nyuzi za kushoto upande wa kushoto, zinazofunguka kwa kuzungusha kinyume.

Speisa: kwanza jiulize kama unaihitaji

Speisa ni sahani inayokaa kati ya habu na rimu ili kusogeza gurudumu nje. Sababu ya kweli ni rimu inayogusa kalipa au tairi inayokwaruza shoki baada ya kubadilisha saizi. Sababu nyingine ni sura, na sina ugomvi na anayependa gari lake lisimame kwa upana, mradi ajue bei yake: beringi hubebeshwa mzigo zaidi, usukani huwa mzito na huvutwa na mashimo, tairi hurusha mawe kwenye bodi, na Noah iliyojaa abiria itakwaruza madgadi kwenye kila tuta kutoka hapa mpaka Kilifi.

Nyuma ya rimu kuna namba ya ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaokalia habu, kwa mfano ET45. Ukifunga speisa ya mm 15, ni kama umevaa rimu ya ET30. Ikiwa kuna rimu ya ET30 sokoni yenye matundu ya gari lako, hiyo ni bora kuliko speisa yoyote. Pima pengo unalolikosa kwa rula, nunua unene huo na milimita chache za ziada. Kununua mm 30 wakati unahitaji 8 ni kuongeza mzigo bure.

Ziko aina mbili. Nyembamba, kama mm 3 hadi 10, huvishwa tu juu ya stadi. Nene, kuanzia mm 15 au 20, hufungwa kwenye habu kwa nati zake na kubeba stadi zake zenyewe. Zote mbili ziwe za alumini iliyofuliwa, kama 6061-T6 au 7075-T6, wala si ya kumiminwa. Matundu yalingane: Probox ni 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la mm 100, na tundu la kati mm 54.1, Noah ni 5x114.3 na 60.1, Prado ni 6x139.7 na 106.1. Tundu la kati la speisa likiwa kubwa kuliko duara la habu, gurudumu halikai katikati, na utasikia mtetemo ukifika kilomita 80 kwa saa. Speisa mbili hazipandanishwi. Washa zilizopangwa kwenye stadi nyuma ya rimu si speisa kabisa: rimu inakalia visiwa vidogo vya chuma badala ya uso mzima, na yule msuguano uliosemwa mwanzoni haupo.

*Speisa nyembamba.* Swali ni nyuzi ngapi zimebaki. Kanuni ya kazi ni kwamba nati ishike angalau urefu unaolingana na kipenyo cha stadi. Kwa M12 x 1.5 ni mizunguko minane kamili, kwa M12 x 1.25 ni kumi, kwa M14 x 1.5 ni tisa hadi kumi. Vika speisa na rimu, hesabu mizunguko tangu nati ishike mpaka iguse rimu. Ikipungua, weka stadi ndefu kwa hatua zile tulizopitia juu, urefu ukiongezeka sawa na unene wa speisa. Ukitumia stadi ndefu na nati zilizozibwa kichwani, hakikisha ncha ya stadi haigongi mwisho wa nati kabla rimu haijabanwa. Ikigonga, mkono wako utahisi umekaza na toki italia, lakini gurudumu liko huru. Tumia nati zilizo wazi. Angalia pia kama duara la habu bado linachomoza mbele ya speisa; kama limemezwa lote, tafuta speisa yenye duara lake.

*Speisa nene.* Ivike bila nati uisukume kwa mkono: isitikisike. Ikitikisika, kuna kutu au kibanio cha diski cha kiwandani kilichosahaulika. Ifunge kwa nati zake fupi, kwa nyota, kwa toki ya kitabu. Gundi ya nyuzi tumia ikiwa tu karatasi ya mtengenezaji imeitaka. Halafu laza rula juu ya uso wa speisa. Stadi za habu zikichomoza kupita rula na rimu yako haina vishimo nyuma vya kuzipokea, rimu itakalia ncha za stadi. Wengine huzikata kwa grainda. Mimi nashauri speisa nene zaidi au kuacha kabisa, kwa sababu stadi iliyokatwa haitafaa tena siku utakapotoa speisa. Baada ya hapo vika rimu na ukaze seti ya pili ya nati.

Baada ya kufunga

Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, watu wazima wakiwa wamekaa nyuma, usikilize mkwaruzo. Endesha polepole mtaani kwanza. Kisha kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100: kwenda Watamu na kurudi inatosha, au ukiwa njiani kwenda Mombasa simama Kilifi, kilomita kama 60, gurudumu likiwa limepoa. Kwa speisa nene kuna seti mbili za nati, na za ndani hazionekani mpaka utoe gurudumu. Wengi hukaza za nje wakatosheka, na nati zinazolegea huwa ni zile za ndani. Toa gurudumu, pima za ndani kwa toki, rudisha. Fanya hivyo tena kila unapozungusha tairi, na ukiwa hapo sugua kutu iliyoanza kati ya alumini na habu.

Mwambie mtu wa pancha unakokwenda kila siku kwamba gari lina speisa, na umwombe afunge kwa mkono. Waarifu watu wa bima pia. Gari lililobadilishwa bila wao kujua ni hoja nyepesi siku ya madai. Na ijaribu tairi ya spea nyumbani kabla ya safari ya Mokowe: rimu ya spea ikiwa ya chuma na nati zako za kila siku ni za rimu ya alumini, weka seti ya pili ya nati za koni kwenye mfuko pamoja na jeki.